Ukisafiri Peke Yako na Watoto Wadogo

Juni 2024 binti wa dada yangu alikuja kunitembelea Nachingwea akitokea Ruangwa. Alikuwa amembeba mtoto mmoja mgongoni na mwingine amemshika mkono. Mkubwa alikuwa na miaka minne, mdogo mwaka mmoja na miezi mitatu. Baada ya kujuliana hali na kunywa chai, alitoa pasipoti tatu mpya kwenye mkoba akazipanga mezani kwa furaha. Mumewe alikuwa amemtumia tiketi za kumfuata Uingereza. Angepanda ndege Dar es Salaam mpaka Doha, na nyingine kutoka Doha mpaka London. Hajapata kupanda ndege maishani mwake, na mtu wa kumsindikiza hakuwapo.

Kisha akashusha sauti, kana kwamba watoto wangeelewa.

"Mama mdogo, wewe ni nesi. Naomba unipatie dawa ya kuwalaza hawa njiani. Nitafanya nini nao mle ndani kutwa nzima, na watu wote wananitazama?"

Sikumjibu mara moja. Hakuwa mama wa kwanza kuniomba dawa hiyo. Huniomba kliniki, huniomba hata nje ya kanisa baada ya ibada. Nilichelewa kumjibu kwa sababu mimi mwenyewe, mwenye cheti changu cha uuguzi ukutani, niliwahi kuwapa watoto wangu dawa hiyo. Nilimsimulia kisa hicho siku ile, na leo nakusimulia wewe, mama mwenzangu.

Aibu iliyonishinda

Ilikuwa Desemba 2012. Mume wangu alikuwa amehamishiwa kazi Dar es Salaam, nami nilipata likizo ya kuwapeleka watoto kwa baba yao kwa ajili ya Krismasi. Kijana wangu alikuwa na miaka mitatu na binti yangu mwaka mmoja na miezi minane. Nilikata tiketi ya kiti kimoja tu, ili kuokoa nauli, nikijiambia kwamba nitawapakata wote wawili.

Wakati huo kutoka Nachingwea hadi Dar es Salaam kulikuwa kweli ni safari. Basi liliondoka alfajiri kukiwa bado giza, likapita Ruangwa kuchukua abiria, likaenda kutokea Nanganga kwenye barabara ya lami itokayo Masasi. Kutoka hapo unashuka Mtama, unafika Mnazi Mmoja, unapinda kushika njia ya Lindi, kisha unaikabili barabara ndefu ya kaskazini: Mbwemkuru, Nangurukuru, Somanga, Rufiji, Kibiti, Mkuranga, hata uone taa za Mbagala. Kipande cha Somanga hadi Ndundu, kilomita 60, kilikuwa bado kinajengwa, na mvua ikinyesha magari yalilala humo kwenye tope.

Katika safari iliyotangulia watoto walikuwa wamelia sana. Abiria mmoja alinigeukia akasema kwa sauti, basi zima likisikia, "Mama, mnyamazishe mtoto wako, sisi sote tumelipa nauli." Wengine walicheka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maneno yale yalinikaa moyoni miezi mingi. Basi asubuhi ile, kabla hatujatoka nyumbani, nilichukua chupa ya dawa ya maji ya promethazine iliyokuwa imebaki kabatini. Nikawapa wote wawili, kila mmoja kijiko.

Nilijua kuwa dawa hiyo haipewi mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji wake hata kumwua. Nilikuwa nimefundishwa chuoni, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewaonya akina mama wengi. Siku ile hofu ya macho ya watu ilikuwa kubwa kuliko elimu yangu.

Matokeo yake hayakuwa niliyoyatazamia. Kijana hakulala. Dawa za namna hii watoto wengine huwapandisha badala ya kuwatuliza, naye alikuwa mmojawapo: alijirusha, alilia bila machozi, alinivuta nywele tangu Ruangwa mpaka Mtama. Binti ndiye aliyelala. Alilala kupita Lindi, akalala kupita Mbwemkuru. Tulipofika Nangurukuru nikamtoa titi anyonye, hakunyonya. Nilimwita jina, hakufumbua jicho. Kichwa kilimwangukia kifuani kama kitambaa kilicholowa.

Mama mwenzangu, nilitazama saa yangu nikahesabu pumzi zake dakika nzima. Nikahesabu tena. Zilikuwa chache kuliko nilivyotaka. Nilimwinua, nikamlaza begani kidevu kikiwa juu ili njia ya hewa isizibwe, nikamsugua nyayo. Kijana alikuwa akilia chini kwenye miguu yangu wala sikuwa na mkono wa kumshika.

Fundo la bibi

Kiti cha pili alikaa bibi mmoja wa Kimwera aliyepandia Ruangwa, aliyekuwa akienda kwa mwanawe Kibiti. Tangu asubuhi tulikuwa tumesalimiana tu. Alimtazama binti yangu akauliza taratibu, "Mwanangu, huyu mtoto umempa nini?"

Nilimwambia. Hakunisema. Alisema tu, "Wewe mshike huyo. Huyu niachie mimi."

Akamwinua kijana akamweka katikati yetu. Kisha akashika pembe ya kanga yake, pale ambapo bibi zetu hufunga fedha, akampa mtoto ile pembe yenye fundo. "Kuna kitu humu," akamwambia. "Ukikitoa ni chako."

Mtoto alinyamaza papo hapo. Alishika fundo kwa vidole vyake, akaling'ata, akalivuta, akaligeuza. Lilimchukua muda mrefu, maana lilikuwa fundo la mtu mzima. Lilipofunguka ndani mlikuwa na sarafu. Alicheka. Bibi akaitwaa sarafu, akafunga mbegu ya embe iliyokauka, akampa tena. Wakafanya hivyo, huku bibi akimweleza mambo ya shambani kwake, kutoka Nangurukuru hadi tulipoingia kwenye tope la Somanga. Mtoto aliyekuwa amenishinda tangu alfajiri alishughulika na kipande cha kanga, bila kelele.

Binti yangu alifumbua macho basi lilipokwama. Alilia kwa nguvu, na abiria wakageuka kututazama. Safari hii sikuona aibu hata kidogo. Sijapata kusikia sauti iliyonifurahisha kama kilio kile. Hata hivyo sikuacha kumwangalia na kumhesabia pumzi mpaka tulipofika, maana mtoto aliyelewa dawa huweza kuzama tena.

Bibi aliposhuka Kibiti nilimshukuru, nikamwomba msamaha sijui wa nini. Alinijibu, "Mtoto hataki vitu vingi. Anataka kitu kimoja, na mtu wa kukitazama pamoja naye."

Njia ya kurudi

Januari 2013 tulirudi Nachingwea. Nilikata viti viwili. Usiku wa kuamkia safari niliketi kitandani na kanga moja ya zamani nikafunga mafundo saba pembeni mwake. Ndani sikuweka sarafu, kwa sababu mtoto mdogo huweza kuimeza. Niliweka vitu vikubwa kuliko kinywa cha mtoto: kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, kitambaa chekundu, soksi iliyoshonewa macho ya nyuzi, kijiko cha mti, boksi tupu la dawa ya meno, kitana kipana, na picha ya baba yao niliyoibandika kwenye kadibodi.

Nesi hatoi dozi yote kwa mara moja. Basi nami niliwaambia, "Fundo moja kila kituo." Kwa hiyo safari haikuwa tena kutwa nzima isiyo na mwisho, ilikuwa vipande saba, na barabara yenyewe ndiyo iliyokuwa saa yetu.

La kwanza lilifunguliwa Mkuranga, la pili Kibiti. Tulipokaribia Rufiji nilimwambia kijana afumbe macho, na asikiapo mlio wa magurudumu umebadilika afumbue. Akafumbua, na mto ulikuwa chini yetu, mpana na wenye rangi ya udongo. Nikamweleza habari za Daraja la Mkapa, kwamba lilifunguliwa 2003, na kwamba kabla ya hapo mabasi yalipanga foleni kungojea pantoni, na mama zetu walilala hapo na watoto. Daraja lile lina karibu kilomita moja, na hakutaka liishe.

Kwenye tope la Somanga ilitoka soksi yenye macho. Ilizungumza na kila abiria wa viti vya karibu, na mzee mmoja aliijibu kwa heshima zote. Nangurukuru tulishuka sote, tukakojoa, tukaruka-ruka mara ishirini kando ya basi. Tulipofika Lindi bahari ilikuwa upande wetu wa kushoto, tukahesabu mitumbwi. Mnazi Mmoja tukaiacha njia ya pwani, jua likawa mbele yetu, na hapo ndipo watoto huchoka na kuanza kulia. Fundo la picha ya baba nilikuwa nimelihifadhi kwa ajili ya saa hiyo.

Mafundo yalipokwisha nilibaki na mdomo. Nilimweleza kijana kwamba zamani sana treni ilifika kwetu Nachingwea. Waingereza walileta matrekta kulima karanga, katika mpango mkubwa ulioanza 1947, na reli ikajengwa toka pwani kuzichukua hizo karanga. Mpango ukavunjika 1951, karanga zikawa haba, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa. "Treni ikaenda wapi?" akauliza. Nikasema sijui, labda tuisikilize. Basi toka Nanganga mpaka Ruangwa tulikuwa treni: yeye injini, mimi behewa, mdogo wake honi. Tulishuka Nachingwea usiku, tumechoka na tumejaa vumbi. Walikuwa wamelia mara nne. Nakutajia hesabu hiyo ili usidhani kwamba mtoto anayeshughulishwa vizuri halii.

Niliyomwambia mpwa wangu

Nilipomaliza kisa hiki mpwa wangu hakuomba dawa tena. Alichukua kalamu. Haya ndiyo tuliyoyapanga, nami nakuandikia ili uyachague yatakayokufaa, iwe unapanda ndege au basi.

Kwanza, usiwaunganishie watoto safari mbili. Toka Ruangwa hadi Dar es Salaam ni kutwa nzima hata sasa ambapo lami imeongezeka. Fika siku mbili kabla, walale, waoge, wacheze kwa ndugu, ndipo muende uwanja wa ndege. Tena barabara yetu ya kusini tunaijua: Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata njia ya Dar es Salaam na Lindi, magari yakakwama. Mama mwenye watoto abebe maji na chakula cha nusu siku zaidi ya anachodhani kitatosha.

Pili, vyakula. Chukua vile vinavyochukua muda kuliwa: mihogo ya kuchemsha, ming'oko, vipande vya ndizi, mkate mkavu. Ming'oko ni chakula na mchezo kwa pamoja, maana mtoto humenya kwanza ndipo ale. Lakini sisi watu wa Nachingwea na Ruangwa tuna hatari yetu, nayo ni karanga na korosho. Wauzaji watakuletea mpaka dirishani. Usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano punje nzima, hasa kwenye gari linalotikisika, kwa kuwa punje hiyo huweza kuziba koo. Ziponde au ziache. Na kwa mtoto mwenye kutapika safarini, mpe chakula chepesi kidogo kidogo, mketishe mbele atazame njia, na uwe na mifuko mkononi, si ndani ya begi lililo juu.

Tatu, ndani ya ndege. Mtoto wa chini ya miaka miwili kwa kawaida hupakatwa, naye hufungwa kwa mkanda mdogo uliounganishwa na wa mama. Wa miaka miwili na zaidi hupewa kiti chake. Ukiwa na kichanga, mwambie wakala mapema akuulizie kitanda cha watoto wachanga kinachofungwa ukutani kwenye baadhi ya viti vya mbele. Maziwa na maji ya mtoto huruhusiwa kupita kwenye ukaguzi, ila utaulizwa na vitakaguliwa, basi viweke mahali pa kufikia. Ndege inapopaa, na zaidi inapoteremka, masikio huziba na mtoto hulia kwa maumivu. Mnyonyeshe wakati huo, na mkubwa mpe maji anywe kwa mafunda au kitu cha kutafuna. Kumeza ndiko kunakofungua masikio. Kwa hiyo usimnyonyeshe akashiba kabla tu ya kuteremka. Hewa ya ndani ni kavu, hivyo wape maji mara kwa mara.

Nne, mafundo. Kutoka Dar es Salaam hadi Doha ni kama saa sita, na Doha hadi London kama saa saba. Funga mafundo kumi na mbili, sita kwa kila ndege, na usifungue la kwanza mpaka watoto wamechoka kutazama dirishani. Kitu kisichokuwa kigeni mtoto hakioni, basi vifiche wiki mbili kabla. Na ukumbuke maneno ya bibi wa Kibiti: usimpe fundo ukageukia mambo yako. Litazameni pamoja.

Tano, msaada. Mama anayesafiri peke yake atahitaji kwenda msalani. Usimwachie mtoto mtu usiyemjua kwa sababu tu ana uso mzuri. Kwenye ndege waite wahudumu. Ndiyo kazi yao. Kwenye basi zungumza mapema na mama aliye jirani, mfahamiane, umjue anakoshuka. Mimi nilipanda basi na kiburi cha kutomsumbua mtu, na kama bibi yule asingeuliza, sijui ningefika na nani.

Mwisho, dawa. Dawa za mafua, za mzio na za kikohozi zinazoleta usingizi si za kumtulizia mtoto safarini. Kama mtoto wako ana ugonjwa, au anatapika sana kila safari, mwone daktari kabla ya siku ya kuondoka, naye aseme nini na kiasi gani. Kijiko cha jikoni na ushauri wa jirani havitoshi. Na ikiwa umekwisha kumpa, ukaona halegei kuamka au pumzi zake zimepungua, usisubiri kituo. Mwambie dereva au mhudumu mara moja, umshike kidevu juu, atafutiwe hospitali iliyo karibu. Aibu yako itapona. Mtoto ni mmoja.

Simu kutoka mbali

Alinipigia simu baada ya siku tatu. Walifika salama. Ndege ya kwanza mafundo manne yalitosha, watoto wakalala wenyewe. Ya pili mambo yalikuwa magumu: mdogo alilia saa nzima ya mwisho, na hakuna fundo lililomfaa. Mwanamume wa kiti cha nyuma alivuta pumzi kwa nguvu mara kadhaa.

"Ukafanya nini?" nikamuuliza.

"Nilimpakata, mama mdogo, nikamwimbia zile nyimbo zetu za Ruangwa. Akalia, nikaimba. Nikajiambia, heri analia."

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Alisema wote walishuka na kanga yenye fundo moja ambalo halijafunguliwa. Mtoto mkubwa alikuwa amelikatalia. Alitaka baba yake alifungue.